Uzi maalumu: Kibodi kubwa zilizotengenezwa kwa kazi moja tu

Kitufe Kizito (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Humu jukwaani haipiti wiki bila mtu kuleta uzi wa kibodi ndogo. Asilimia 60 ya kibodi kamili, asilimia 40, nyingine hazina hata mstari wa namba, na wenyewe wanazisifia. Leo naomba twende upande wa pili. Tuzungumzie majitu: kibodi za vitufe 90, 122 na kuendelea, zilizoundwa kwa ajili ya mtu wa kazi moja. Ukimwonyesha mtu wa kazi nyingine, lazima akuulize kama ni ya kurushia ndege.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mpate pa kushambulia. Kibodi kubwa si mbwembwe. Ukiondoa kitufe, kazi yake haiondoki. Inahamia kichwani mwa mtumiaji, naye anaanza kukariri "shika hiki, bonyeza kile". Kwa hiyo tubishane kuhusu kipi mtu akariri na kipi aandikiwe juu ya kitufe, ukubwa wa meza tuuache.

Naanza na mkubwa wao, Linotype, mashine ya kupangia chapa za magazeti. Aliyeiunda ni Ottmar Mergenthaler, Mjerumani aliyehamia Marekani, na gazeti la New York Tribune ndilo lililoanza kuitumia mwaka 1886. Kabla ya hapo mpanga chapa alikuwa anaokota herufi za risasi moja moja kutoka kwenye sanduku na kuzipanga kwa mkono, usiku kucha. Linotype ikamkalisha kwenye kiti, mbele yake vitufe 90. Shift hakuna. Kushoto herufi ndogo, vitufe vyeusi. Kulia herufi kubwa, vitufe vyeupe. Katikati vya bluu: tarakimu, alama za uandishi na vingine vya aina hiyo.

Kwa nini hakuna shift? Kwa sababu ukibonyeza kitufe hakuna wino unaogusa karatasi. Kinachoshuka ni kalibu ndogo ya shaba yenye umbo la herufi hiyo. "a" ndogo na "A" kubwa ni vipande viwili tofauti vya shaba, kila kimoja kina chumba chake juu ya mashine, na kila chumba kina kitufe chake. Mstari ukijaa, mashine inamimina juu yake mchanganyiko ulioyeyuka wa risasi, antimoni na bati, joto la karibu nyuzi 285, na mstari mzima unatoka ukiwa kipande kimoja cha chuma cha moto. Kisha mkono mrefu unazinyanyua zile kalibu hadi juu. Kila kalibu imekatwa meno kwa mpangilio wake. Inatelezeshwa kwenye reli, na ikifika juu ya chumba chake meno yanakosa pa kushika, inadondoka nyumbani kwake. Yote hayo bila kompyuta, miaka ya 1880. Mimi hadi leo nikitazama video za mashine hii ikifanya kazi, chai inapoa.

Mpangilio wa herufi ulifuata zile zinazotumika sana kwenye Kiingereza. Ukishuka safu ya kwanza kushoto unapata e, t, a, o, i, n. Safu ya pili s, h, r, d, l, u. Fundi akikosea, kusahihisha herufi moja katikati ya mstari kulikuwa usumbufu, hivyo alikuwa anateremsha kidole kwenye safu hizo mbili ili mstari ujae haraka, autoe, autupe. Shida ni pale mstari mbovu ulipomponyoka msahihishaji. Msomaji anafungua gazeti asubuhi, habari ya bungeni inaendelea vizuri, ghafla "etaoin shrdlu". New York Times waliiaga teknolojia hiyo na toleo la tarehe 2 Julai 1978.

Sasa jitu ninalolipenda mimi. IBM walitangaza familia ya terminali za 3270 mwaka 1971. Ni zile skrini za kijani zilizounganishwa na kompyuta kuu za mabenki, mashirika ya bima na ya ndege. Kibodi zake za miaka ya 80 zilifika vitufe 122. Juu kabisa F1 hadi F24 kwa safu mbili. Kushoto kuna genge la vitufe kumi vyenye majina ambayo laptop yako haijawahi kuyasikia: Attn, Clear, CrSel, ErEOF.

Ili uelewe kwa nini, jua kwamba terminali hii haikutuma herufi moja moja. Unajaza fomu nzima kwenye skrini na kompyuta kuu haina habari. Ukimaliza unabonyeza kitufe kimoja, na kitufe hichohicho ndicho kinachobeba ujumbe wa nini kifanyike. Kwa kawaida F3 ni kutoka, F7 kurudi nyuma, F8 kwenda mbele, F12 kughairi. Ukishatuma, kibodi inajifunga, chini ya skrini inatokea X na kisaa, unasubiri. Ukiwa na papara ukaendelea kuandika, inagoma kabisa hadi ubonyeze Reset, ambayo inakaa pale ilipo Ctrl ya kushoto leo.

Kinachowachanganya wageni zaidi ni Enter. Kile kitufe kikubwa chenye mshale uliokunjwa hakitumi kitu, kinashusha kishale mstari wa chini tu. Enter yenyewe iko chini kulia, mahali pa Ctrl ya kulia. Karani mzoefu anaituma kwa kidole cha mwisho bila kuinua mkono. Wewe na mimi tungebonyeza ile kubwa hadi kesho.

Haya, uwanja ni wenu.

---

Ndogo Ndio Dawa

Mkuu, umeandika vizuri ila historia imekuumbua. Kuna kitu kinaitwa Caligraph, taipureta ya Marekani ya miaka ya 1880, vitufe 72, herufi kubwa na ndogo kila moja na kitufe chake, yaani falsafa yako tupu. Tarehe 25 Julai 1888 pale Cincinnati lilifanyika shindano. Louis Traub alikuwa na Caligraph. Frank McGurrin alikuwa na Remington yenye shift, anapiga kwa vidole vyote bila kutazama vitufe. McGurrin alishinda waziwazi. Kesi iliisha siku ile. Kibodi iliyo ndogo kiasi cha vidole kuifikia bila mkono kuhama ndiyo yenye kasi. Mengine ni mapenzi ya vyuma chakavu.

---

Kitufe Kizito

Nilijua utakuja na Cincinnati, na nakupa pointi zote za siku ile. Lakini angalia walikuwa wanafanya nini: wanaandika maneno. Herufi kubwa na ndogo ni kitu kilekile kwa sura mbili, shift inaelewa mtoto wa darasa la pili. Kuandika maneno, kibodi ndogo imeshinda na itaendelea kushinda.

Sasa niambie: "lipa hundi", "futa muamala" na "funga akaunti" ni sura tatu za kitu gani? Hapo hakuna undugu wa kukusaidia kukumbuka. Leo hao watu wa mifumo ya zamani wanatumia programu inayoiga terminali kwenye kompyuta ya kawaida, F13 wanaipata kwa Shift na F1, F20 kwa Shift na F8. Ndiyo maana ukipita kwenye dawati la karani unakuta karatasi imebandikwa kwa gundi chini ya skrini, imejaa orodha ya hizo Shift. Karatasi hiyo ni vitufe vilivyofukuzwa vikarudi kupitia dirishani.

---

Mama Kaunta

Za jioni wapendwa. Mimi si mtu wa kompyuta, niko supamaketi, ila jitu kama hilo tunalo. Kibodi yetu haina mpangilio wa herufi, ni uwanja wa vitufe vya mraba. Kila kitufe kina kofia ya plastiki angavu unayoibandua, ndani unaweka kikaratasi umeandika mwenyewe: MKATE, MAZIWA, MFUKO. Vile vya muhimu kama JUMLA vinachukua nafasi ya vitufe viwili au vinne. Pembeni kuna mpasuo wa kupitisha kadi, na kuna tundu la ufunguo.

Hilo tundu ndilo lenye mambo. Ukipiga bidhaa mara mbili huwezi kufuta wewe mwenyewe. Unapaza sauti, "Supervaiza!", foleni yote inageuka, anakuja na ufunguo shingoni, anauzungusha, anafuta, anaurudisha. Ripoti ya Z ya kufunga siku nayo hivyohivyo, bila ufunguo haitoki.

Kaunta za upande wa pili wamewekewa skrini za kugusa. Nimezikalia pia. Kwenye vitufe nilikuwa namtazama mteja usoni, mkono unajua MKATE iko wapi. Kwenye skrini macho hayabanduki, na wajanja wa foleni wanajua kabisa kwamba siwaoni wakipitisha kitu.

---

Ndogo Ndio Dawa

Mama Kaunta shikamoo. Hiyo ya macho kwa mteja sina jibu nayo.

---

Mama Kaunta

Marahaba mwanangu. Njoo ununue mkate.

---

Mjukuu wa Mchapaji

Marehemu babu alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji cha misheni huko kusini, na hiyo mashine ya risasi aliizungumzia hadi anazeeka. Alikuwa na makovu madogo madogo mkononi. Alisema mstari usipobana vizuri, ukiacha mwanya kati ya kalibu, risasi ya moto inaruka kupitia mwanya huo. Kwa hiyo fundi alikuwa anasikiliza mashine kwa masikio kuliko macho.

Swali langu, huo mpangilio wa e t a o i n ni wa Kiingereza. Kwa Kiswahili ilikuwaje? Sisi "a" imetawala kila mahali.

---

Kitufe Kizito

Pole na makovu ya mzee, hiyo ya mwanya ni kweli tupu. Kuhusu swali lako, "a" ilikuwa na bahati ya kuwa ya tatu kwenye safu ya kwanza, kwa hiyo mkono haukuhangaika sana. Aliyeonewa ni "k", ambayo sisi tunaitumia kwenye kila sentensi na Waingereza kwa nadra. Na chumba cha kila herufi kilikuwa na idadi maalumu ya kalibu. Hebu andika "wakaanza kutafakari maana ya mamlaka hayo" uhesabu "a" zilizomo kwenye mstari mmoja. Kalibu zilizotumika zinahitaji muda zipande juu na kurudi chumbani, na fundi mwenye kasi anaweza kuzimaliza kabla hazijarudi.

---

Bwana Mizania

Mmesahau mashine za mahesabu. Mimi ni mhasibu mstaafu, na nilipoanza kazi, wakubwa zetu bado walikuwa wanasimulia habari za Comptometer. Iliundwa na Dorr Felt wa Chicago, hataza ya mwaka 1887. Fikirieni safu wima za vitufe, kila safu ina 1 hadi 9, na kila safu ni nafasi yake: senti, kumi za senti, shilingi, kumi, mia, elfu. Mashine ya safu nane ina vitufe 72 na vyote ni tarakimu.

Tafuteni sifuri. Haipo. Sifuri ni kutogusa safu hiyo. Kuingiza 5,040 unabonyeza 5 kwenye maelfu na 4 kwenye makumi, vyote kwa pamoja kwa mkono mmoja, na jumla imeshaongezeka kabla hujanyanyua vidole. Hakuna kitufe cha kujumlisha, hakuna "sawa na". Kwenye kikokotoo cha leo tarakimu zinaingia moja baada ya nyingine. Kwenye Comptometer namba iliingia nzima, kama pigo moja la kinanda.

Sasa utamu wenyewe. Vitufe vya namba witiri vilikuwa na kishimo juu, vya shufwa vilikuwa bapa, ili kidole kijue kiko wapi huku macho yako kwenye leja. Na mabingwa hawakuhangaika kwenda juu hadi 8. Walibonyeza 4 mara mbili, mkono ukabaki chini ya kibodi. Kila kitufe kilikuwa na tarakimu kubwa na nyingine ndogo pembeni, na hiyo ndogo ni ya kutolea.

Mashine za Uingereza zilikuwa na vituko vyake, maana pauni yao ilikuwa ya shilingi 20 na shilingi ya peni 12. Safu ya peni ilibidi ifike 11. Sisi Afrika Mashariki tulipopata shilingi yetu mwaka 1921 ilikuwa ya senti 100, ikatuepusha na hilo.

---

Ndogo Ndio Dawa

Mzee Mizania, shikamoo. Lakini umeniunga mkono bila kujua. Mabingwa walitumia nusu ya chini ya kibodi tu. Nusu ya juu ilikuwa inakusanya vumbi!

---

Bwana Mizania

Marahaba kijana. Ni kweli, na hata watengenezaji waliliona. Ziliwahi kuuzwa mashine zenye 1 hadi 5 tu kila safu. Lakini angalia walichopunguza na walichoacha. Walipunguza urefu wa safu, idadi ya safu haikuguswa. Kila nafasi ya namba ilibaki na mahali pake.

---

Dirisha la Fedha

Kwa walio kwenye hazina za mabenki, hamjamtaja Bloomberg, mfumo wa kompyuta wa taarifa za masoko ya fedha. Kampuni ilianzishwa 1981 na Michael Bloomberg baada ya kuondoka benki ya uwekezaji ya Salomon Brothers, na Merrill Lynch ndio waliokuwa wateja wa mwanzo. Kibodi yake ina rangi kama taa za barabarani. Nyekundu ni ya kusitisha. Kijani ni ya vitendo. Njano ni masoko: hati fungani za serikali, hisa, bidhaa, fahirisi, sarafu. Mahali pa Enter kuna GO ya kijani.

Ukitaka bei ya Safaricom unaandika SAFCOM KN, unabonyeza cha njano cha hisa, kisha GO. Ukitaka shilingi ya Tanzania, TZS, cha njano cha sarafu, GO. Kitufe cha HELP ukikibonyeza mara mbili unafunguliwa mazungumzo na binadamu wa kampuni, saa yoyote.

Siri ni kwamba vile vya njano ni F2 hadi F12 tu. Chomeka kibodi ya kawaida, F8 itakuwa hisa na F11 sarafu, mambo yanaenda. Rangi na maandishi ndiyo tofauti nzima. Na bado sijaona mtu mwenye ile yao akiiacha mezani achukue ya kawaida.

---

Ngosha Programu

Sisi waandika programu tuna jitu letu pia, Space-cadet ya chuo cha MIT, iliyobuniwa na Tom Knight kwa ajili ya kompyuta za lugha ya programu ya Lisp. Vitufe 100, na ndani yake vile vya kushikilia huku unabonyeza kingine: Control, Meta, Super, Hyper, mbali na Shift, Top na Front. Kulikuwa na kitufe cha dole gumba juu na dole gumba chini, miaka mingi kabla ya mitandao ya kijamii. Wanaotumia Emacs, programu ya kuhariri maandishi, wakilalamika vidole vinavunjika, chanzo ni hapo: zile amri zilibuniwa enzi ambazo Control na Meta zilikaa pembeni mwa kitufe cha nafasi, pande zote mbili, kubwa za kutosha. Siku hizi kuna wapenzi wametengeneza Hyper 7 kwa kuienzi, vitufe 178. Hiyo, kwa maoni yangu, ni mapambo. Haina kazi inayoisubiri.

Ila mkuu Kizito, hii ya Space-cadet inaupinda uzi wako. Kubwa, halafu bado unakariri!

---

Kitufe Kizito

Imepinda, na ndiyo maana siipendi kama 3270. Wao walichukua kibodi kubwa wakaipachika na shift saba juu yake. Ni kibodi ya watu waliokuwa wanafurahia kukariri.

---

Mkata Picha

Sisi wahariri wa video tuna mfano mzuri wa pande zote. Blackmagic, kampuni ya vifaa vya video, walitoa kibodi ya kuhariri mwaka 2019. Ndefu, ya chuma, kulia ina gurudumu zito la kutafutia picha, kushoto ina vitufe vya kukata na kuunganisha, katikati ndio herufi za kawaida. Mwaka uliofuata wakatoa Speed Editor. Walifanya nini? Waliondoa herufi zote! Wakaacha gurudumu na vitufe vya kazi. Studio ninazopita nakutana na hiyo ndogo zaidi.

Kwa hiyo ni ndogo, lakini hakuna cha kukariri, kila kitufe kimeandikwa kazi yake. Mnagombania sentimita wakati kinachopunguza au kuongeza taabu ni maandishi.

---

Kitufe Kizito

Mkata Picha, huu mchango naupandisha juu ya uzi. Ndogo Ndio Dawa, unakubali?

---

Ndogo Ndio Dawa

Nakubali kwa video. Kwa maandishi bado asilimia 60, siondoki.

---

Salma wa Tanga

Samahanini kwa kuingilia. Mama yangu mikono inatetemeka, anabonyeza vitufe viwili viwili, naye anapenda kuandika barua pepe mwenyewe. Kuna kibodi kubwa za watu kama yeye?

---

Kitufe Kizito

Dada Salma, karibu, hujaingilia. Zipo zenye vitufe vya upana wa takriban inchi moja na herufi kubwa zinazoonekana. Lakini kabla hujanunua jaribu mambo mawili. Kwanza, kwenye Windows nenda mipangilio ya ufikivu, washa vitufe vya kuchuja: kompyuta itapuuza mguso wa bahati mbaya na kukubali tu kitufe kilichoshikiliwa kwa muda kidogo. Hii ni bure. Pili, kuna bamba lenye matundu linalowekwa juu ya kibodi, tundu moja kwa kila kitufe. Mkono unalala juu ya bamba bila kubonyeza kitu, kidole kinaingia tunduni. Fundi wa kukata plastiki kwa leza anaweza kukutengenezea, mpelekee kibodi yenyewe achukue vipimo. Msalimie mama.

---

Dogo Temeke

Wakuu nimesoma uzi wote. Nimenunua hilo jitu la vitufe 122 kwenye mnada wa vyombo vya ofisi, zito kama betri ya gari. Waya wake mwisho si USB. Nitalichomekaje?

---

Kitufe Kizito

Dogo umeokota dhahabu. Usikate waya! Kibodi hizo zinaongea lugha ya zamani ambayo kompyuta ya leo haiielewi moja kwa moja, kwa hiyo unahitaji kigeuzi katikati: kisaketi kidogo kama Pro Micro kilichowekewa programu ya QMK. Waya zinazohusika ni nne tu: umeme, ardhi, data na saa. Pima kwa mita kabla ya kuunganisha.

Ukishafanikiwa, F13 hadi F24 ziache zilivyo. Windows inazitambua hadi leo na karibu hakuna programu inayozitumia, kwa hiyo kila moja unaipangia kazi yako bila kugongana na kitu. Weka picha ya plagi hapa, kama ni ya duara yenye pini tano au ya mraba kama ya intaneti, nikuelekeze pini ipi ni ipi.